Anayebisha Hodi Ijumaa

Zubeida binti Omar aliletwa nyumbani kwa Bi Shariffa siku ya Jumatatu, shangazi zake wawili wamemshika mikono kama mwari anayetolewa nje, ila mwari hunukia udi na yeye alikuwa ananuka jasho. Mwaka ulikuwa wa 1911. Kwa miaka mitatu alikuwa akila kasumba, afyuni nyeusi iliyouzwa kwa vidonge vidogo kama kunde. Alianza baada ya kujifungua mtoto mfu, mkunga alipompa kidonge kimoja apate kulala. Akalala. Kidonge cha pili alijitafutia mwenyewe. Siku mumewe alipompa talaka, Zubeida aliipokea habari ile kama habari ya jirani.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kibokoni, katika kichochoro chembamba ambamo majirani wawili wangeweza kupeana chumvi dirisha kwa dirisha. Bi Shariffa aliirithi kwa baba yake. Naye alikuwa amekula kasumba miaka tisa akaiacha, na tangu hapo akawa anawapokea wanawake waliotaka kuacha. Hakuwa tabibu wala mganga. Aliwaweka ghorofani, akakaa nao, wakalala chumba kimoja kando ya chake na kula sinia moja, aliyetangulia akimshika aliyefuata.

"Hapa pana masharti mawili tu," alimwambia Zubeida siku ile. "La kwanza, hakuna ashukaye ngazi peke yake. La pili, kasumba ikitoka mwilini hutoka na mambo yake. Utasikia watu, utaona vitu. Usione haya. Muulize mwenzako, 'Wasikia?' Naye akujibu kweli. Akisema hapana, basi hakuna kitu, jilalie."

Mwenzake alikuwa Razia, binti wa Kihindi ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo Makadara. Razia alikuwa na miezi minane katika nyumba ile. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mkono mwepesi wa kushona kofia, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji wa Kale hasa.

Siku tisa za mwanzo Zubeida hakupenda kuzikumbuka baadaye. Miguu ilimrukaruka kitandani kama ya kuku aliyechinjwa. Alitapika hata maji. Alihisi sisimizi wakitembea chini ya ngozi, akajikuna mpaka Razia akamfunga viganja kwa vitambaa. Kisha akaanza kumsikia mtoto. Kilio kilitoka nyuma ya ukuta, chembamba, cha mtoto wa siku moja.

"Wasikia?"

"Sisikii, dadangu."

"Mtoto analia. Wasikia?"

"Sisikii. Hakuna mtoto."

Razia alikuwa akimsugua miguu kwa mafuta ya nazi, akimshikia beseni, na kila alipoulizwa alijibu kwa sauti ileile isiyochoka. Siku moja Zubeida aliuliza mara arubaini, akajibiwa mara arubaini. Polepole kile kilio kikasogea mbali, kikawa kama kinatoka nyumba ya tatu, kisha ya kumi, kisha hakikutoka popote. Ndipo Zubeida alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Razia akamwacha alie.

Ijumaa iliyofuata alikuwa ameshapata nguvu za kuketi. Ilikuwa adhuhuri. Wanaume wote walikuwa msikitini, maduka yamefungwa, toroli za abiria zilizosukumwa relini zimesimama, na mtaa ulikuwa kimya kiasi cha kusikia majani makavu yakikokotwa na upepo. Jua lilikuwa limesimama utosini na kichochoroni hamkuwa na kivuli hata cha ukucha. Mlango wa chini ukagongwa mara tatu.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti ya mwanamke. "Nifungulieni. Jua kali."

Zubeida alimgeukia Razia. "Wasikia?"

Sindano ya Razia ilisimama katikati ya kofia. "Sisikii," akasema, akaendelea kushona.

Zubeida akaamini, kwani mwenzake hakuwahi kumdanganya. Kilichomshangaza ni kwamba chumbani mwake Bi Shariffa alianza ghafla kusoma Yasini kwa sauti kubwa, na hakunyamaza mpaka watu waliposikika wakirudi kutoka kuswali.

Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Mara tatu, kisha ile sauti, haina ukali wala haraka, sauti ya mtu aliyetembea juani akachoka. "Nifungulieni, jamani." Razia akasema hasikii, lakini mishono aliyoishona saa ile aliifumua yote jioni.

Ijumaa ya tatu Zubeida hakuuliza. Alikwenda dirishani, akachungulia kupitia vibao vya mbao. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kila upande wa mlango palikuwa na baraza ya mawe, na juu ya ile ya kulia alilala paka wa jirani, amejinyoosha. Mlango ukagongwa. Yule paka akafumbua macho, akatazama juu, akainuka bila haraka na kusogea ukingoni, kama afanyavyo paka anapompisha mtu aketi. Kisha akalala tena, nusu ya baraza ikabaki tupu.

Zubeida alirudi kwenye mkeka, akaketi karibu sana na Razia hata magoti yakagusana.

Ijumaa ya nne alikuwa jikoni akikuna nazi, na jiko lilikuwa hukohuko juu, nyuma. Aliisikia hodi. Akasikia Yasini ikianza. Halafu akasikia komeo la mlango mkubwa likivutwa, lile pande la mti zito linalokwaruza. Alikwenda chumbani akakuta kofia iko sakafuni, sindano imechomekwa, na Razia hayupo.

Alishuka mbio, na alipofika kwenye kipandio cha mwisho ndipo alipokumbuka kwamba naye ameshuka peke yake.

Mlango ulikuwa wazi. Mwangaza wa adhuhuri ulikuwa mweupe mno hata kuta za upande wa pili zilionekana kama karatasi. Razia alikuwa ameketi kwenye baraza ya kulia, bila buibui, leso imemdondoka mabegani, yeye ambaye kwa miezi minane hakuwa ameonekana na mtu wa njiani. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, na kichwa kile kilikuwa kimeegemea mahali pasipo na kitu, kimetulia, kama kiko begani kwa mtu. Katika kiganja chake kilichofunguka kulikuwa na donge la kasumba kubwa kama tende.

Harufu yake ilimfikia Zubeida kabla ya wazo lolote. Mate yakamjaa kinywani.

"Umekitoa wapi hicho?" aliuliza.

"Amenipa," alisema Razia. "Anasema alikuwa ameniwekea."

"Nani?"

"Afaf. Alikaa nasi mwaka nilioingia mimi mara ya kwanza, kabla sijarudia kula." Alisema bila kuinua kichwa. "Alishuka siku ya Ijumaa, peke yake, akanunua kwa mpita njia. Wanaume walipotoka msikitini wakamkuta hapa, ameketi hivi nilivyoketi mimi. Walidhani amelala."

Zubeida alishika kizingiti. Miguu yake ilitaka kwenda pale penye baraza, na si kwa sababu ya Razia peke yake. Upande wa kushoto wa Razia palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na upande wa kulia palikuwa na nafasi ya mwingine.

"Kumbe wamsikia," alisema.

"Tangu Ijumaa yake ya kwanza. Nilikudanganya, dadangu. Nikasema nikikuambia ndiyo, utaniuliza tufanyeje, nami sijui."

"Mimi pia namsikia," Zubeida akasema. "Na wiki jana nilimwona paka akimpisha. Nami sikukwambia."

Razia aliinua kichwa hapo. Shavu lake lilikuwa jekundu upande ule, kama lililolalia kitu muda mrefu.

Zubeida akageuza uso ndani akaita kwa nguvu zake zote, "Bi Shariffa! Shuka!"

Yasini ikakatika. Watu wote wa Kibokoni walijua kwamba Bi Shariffa hashuki. Miaka minne hakuwa amekanyaga ukumbi wa chini. Alisema ni magoti, na majirani wakapanda kwake. Kisha kipandio cha kwanza kikalia, kikafuata cha pili. Alishuka kwa kuketi, kipandio kimoja kimoja kama mtoto mchanga, akishika ukuta, na alipofika chini uso wake ulikuwa umelowa.

Hakumtazama Razia. Alitazama ile nafasi tupu.

"Afaf mwanangu," alisema. "Siku ile niliisikia miguu yako ngazini. Nilikuwa macho. Nilijua unakokwenda. Nikasema, nimechoka leo, atarudi mwenyewe. Nikageukia ukutani. Niliwaambia watu nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Ulipoanza kubisha nikajua wanitaka mimi, nami nikakusomea ili nisikusikie. Nisamehe."

Upepo haukuvuma. Hakuna kilichojibu, na Zubeida alisema baadaye kwamba hilo ndilo lililomwogofya kuliko hodi yoyote, maana palikuwa na ukimya wa mtu anayesikiliza.

"Razia," akasema Bi Shariffa, "nipe mkono wenye kitu."

"Siwezi kuufunga wala kuugeuza," Razia akajibu, na kweli vidole vyake vilikuwa vimekakamaa.

Basi Zubeida akatoka nje ya kizingiti, bila buibui naye, akashika pindo la leso yake na kulichukua lile donge kutoka kiganjani kwa Razia. Lilikuwa na joto, kama kitu kilichokaa kifuani mwa mtu. Alilipeleka chooni, kwenye shimo nyuma ya ukumbi. Ni hatua kumi tu. Alipofika pale mkono wake ulichelewa. Ulikaa juu ya shimo na haukufunguka, na akili yake ikaanza kumpa sababu nzurinzuri, kwa sauti ya upole.

"Wasikia?" alisema kwa nguvu, bila kugeuka. "Naambiwa nibakishe kidogo."

"Sisikii!" akajibu Razia kutoka mlangoni, na Bi Shariffa akasema vilevile, sauti mbili kwa pamoja. "Hakuna aliyesema hivyo. Tupa."

Akatupa.

Walifunga mlango, wakaketi wote watatu kwenye sakafu ya ukumbi, na Bi Shariffa akatoa machozi mpaka adhana ya alasiri. Razia alikuwa ameshalamba kidole chenye kasumba kabla hawajafika, akawaambia hivyo mwenyewe. Hawakumfukuza wala kumkemea. Walihesabu siku zake upya, kuanzia moja, na safari hii Zubeida ndiye aliyemsugua miguu.

Siku ya Jumapili Bi Shariffa aliomba buibui lake. Lilikuwa limekaa sandukuni hata mikunjo imegeuka rangi. Wakatoka wote watatu, polepole kwa sababu ya magoti, wakapanda toroli ya kukodi mpaka Liwatoni, kwa Bi Mwanaisha, mama yake Afaf. Huko Bi Shariffa alikaa kwenye mkeka wa yule mama akamwambia yote, tangu miguu ya ngazini mpaka baraza. Hakujipunguzia.

Bi Mwanaisha alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza bila kuacha, akitoa chuya na kuziweka kando. Alipomaliza ungo mzima ndipo aliposema.

"Wasema anabisha."

"Ndiyo."

"Sauti yake ikoje?"

Bi Shariffa alimtazama Zubeida. Zubeida akajibu yeye. "Kama mtu aliyetoka mbali juani, mama. Hana hasira."

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Akasema Ijumaa atakuja.

Akaja, mapema, amevaa nguo ya sikukuu na amebeba kikapu chenye maandazi na birika ya kahawa. Waliufungua mlango mkubwa wakavuta pazia la ukumbini, wakaketi nyuma yake, wanne. Adhuhuri iliingia. Wanaume walikwenda zao, mtaa ukanyamaza, jua likasimama. Bi Mwanaisha alikuwa ameinamisha sikio kuelekea barazani, mkono wake uko juu ya kikapu. Walisikia paka akiruka kutoka ukutani. Walisikia mlango wa mbali ukigongwa na upepo, na mama yule akanyanyuka nusu, kisha akaketi.

Watu wakatoka msikitini, wakipita nje wakisalimiana. Hapakuwa na hodi.

Bi Mwanaisha alingoja hadi kahawa ikapoa. Zubeida alimtazama akaona haya, kwa sababu moyoni mwake alikuwa amefurahi kwamba hakuna aliyebisha, na hakuthubutu kuionyesha furaha hiyo mbele ya mama aliyekuja kumsikia mwanawe.

"Pengine wiki ijayo," yule mama alisema, akifunga pindo la buibui.

"Karibu," Razia akamwambia. "Tutakuwapo."

Alikuja wiki ile, na iliyofuata, na zote za mwaka ule. Hakusikia kitu. Baadaye akaacha kuinamisha sikio, akawa anakuja na ungo wake, akichambua mchele pamoja nao huku akiwauliza wageni wapya siku zao zimefika ngapi.