Kitambaa Hakichori

"Ofisini usiniite mjomba," aliniambia siku ya kwanza. "Niite Afisa." Nikazoea.

Kazi yangu ilikuwa kufagia na kufuta meza kubwa ya ramani za bahari. Shule niliishia darasa la tano, lakini mjomba, ambaye ndiye aliyepanga njia za meli zetu, alinifundisha kusoma namba za kina cha maji. Kila ilipokuja notisi ya hatari mpya, mwamba au boya lililohama, aliniachia niiweke kwenye ramani kwa penseli.

"Una mkono mzito kama mponda kokoto," alinitania. "Utaitoboa."

Wiki ile notisi ilitaja meli iliyozama. Juu yake maji ni mita tano tu. Meli yetu ilihitaji nane. Nikachora duara. Mjomba akaichora njia ya meli kwa rula, mbali nalo. Mchana mkurugenzi wa kampuni akaja akinung'unika kwamba mzunguko ule unaongeza saa tatu. Mimi nikatoka kumwaga maji ya deki. Jioni ramani ikapelekwa melini.

Siku ya nne meli ikapasuka tumbo palepale. Hakufa mtu, ila maji yaliingia hadi kwenye mizigo.

Mkaguzi alikuja na ramani iliyotolewa melini, akaitandaza mezani. Duara halikuwepo.

"Atakuwa huyu wa usafi," mjomba akasema bila kunitazama. "Anafuta meza na ramani zikiwa juu yake. Hajasoma, tusimlaumu sana."

Mkaguzi akanigeukia. "Ni kweli, dada? Maana kama ni wewe, kazi huna."

Mimi hata kuitikia salamu naona haya. Nikaishika ramani kwa ncha mbili, nikaiinamisha kuelekea dirishani. Mwanga ukapita ubavuni, na kazi ya mkono wangu mzito ikajitokeza: duara zima, limedidimia kwenye karatasi. Katikati yake ulipita mstari mpya, mwembamba, wa rula.

"Kitambaa kinafuta," nikasema. "Hakichori."

Mkaguzi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Huu mstari kauchora nani?"

Mjomba akanisogelea, akanishika bega. "Mwanangu," akaninong'oneza, "mimi ni mjomba wako. Sema hujui."

Miaka miwili nilikuwa nimelisubiri neno hilo, mjomba, ndani ya chumba kile.

"Ni mstari wa Afisa," nikamjibu mkaguzi, na bega langu nikalitoa mkononi mwake taratibu.