Ng'ombe za Salome

Baraza la kanisa lilimvua Donatus uchungaji na kumwamuru atoe mitamba wanne kwa binti aliyemtendea ubaya. Wazee wakatoka kikaoni wakifuta jasho, wameridhika. Wazee wa kanisa ni watu wa kuridhika upesi.

Salome hakuomba ng'ombe. Aliomba Donatus asimame mbele ya waumini aseme kwamba alimfungia ofisini kwa nguvu, na kwamba yeye hakutaka. Katibu wa baraza, Mwalimu Sostenes, akamwambia hilo lingelitia kanisa aibu.

"Fidia inatosha, mwanangu."

Mitamba wakaswagwa hadi kwa baba yake, Mzee Magesa, nje kidogo ya Mhunze. Majirani wakauliza ng'ombe za nini. Mzee, ambaye Kiswahili chake ni cha mnadani, alilitafuta neno fidia kwa Kisukuma asilipate, na yaliyompata mwanawe hakutaka kuyatamka. Akasema tu, "Ng'ombe za Salome."

Sasa nani Msukuma asiyejua ng'ombe za binti ni za nini? Vigelegele vilipigwa kabla mtamba wa mwisho hajaingia zizini. Salome alivisikia akiwa jikoni, hofu ikamshika.

Jumapili waumini wakaanza kumwita Salome "mama mchungaji". Baada ya siku chache akaja Mama Rhoda, shangazi yake Donatus, na kitenge kipya mkononi. Aliuliza kwa upole kabisa mke wao atahamia lini, maana mwanamume wa watu anajipikia mwenyewe.

Alipoondoka, Salome alimgeukia baba yake. "Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia nini, na ng'ombe wamo zizini?"

"Basi tuwarudishe."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Mahari ikirudi, mama, watu watasema umeachika. Tukiwauza, tumeila."

Kulipokucha Salome alifungua zizi mwenyewe, akawaswaga hadi kanisani. Kwa Donatus asingekanyaga. Sostenes alitoka akiwa ameshika miwani.

"Shauri lilishafungwa, Salome. Mlipokea."

"Alipokea baba. Mimi sikupokea."

"Ni kitu kilekile."

"Basi tangazeni Jumapili kwamba hawa ni fidia, na ni fidia ya nini."

Sostenes akaanza kufuta miwani. Salome akawaacha ng'ombe uwanjani, wakaanza kula maua ya kanisa, naye akashika njia ya nyumbani.

Kisimani wanawake walikuwa wamekwisha kupata habari. Paskalia, jirani yake, akatua ndoo.

"Mwangaluka, Salome. Pole, mdogo wangu. Ungevumilia tu. Ndoa zote ndivyo zilivyo."

Salome akafungua mdomo aseme hajawahi kuolewa. Lakini wangemuuliza ng'ombe walikuwa wa nini, na jibu lake ni lile ambalo baraza zima lilishindwa kulisema. Wote walikuwa wanamtazama.

"Asante, dada," akasema.