Jina Lililojibiwa

Gari la farasi lililobeba maiti ya Mfalme Yosia, aliyeuawa na Wamisri huko Megido, lilipoingia Yerusalemu, Hogla alikuwa mbele ya waombolezaji, nywele zimejaa majivu. Ndiye kiongozi wao. Yeye hutaja jina la marehemu, wenzake huitikia "Ole!" Jina la aliye hai halitajwi kamwe katika maombolezo; likitajwa na kuitikiwa, mwenye nalo huhesabiwa amekufa.

Leo hakuhitaji kujikamua machozi. Mfalme huyu ndiye aliyelinajisi Bonde la Hinomu lisifae tena kwa kafara, na kuvunja madhabahu ya mungu Moleki, watoto wakaacha kuteketezwa. Dadake Hogla aliishia kule, akiwa na miaka mitano.

Jana mwanawe Asareli alirudi kutoka vitani, bega limepasuliwa na mshale. Chakula hakukigusa.

"Mama, aliyevunja madhabahu zote umeona alivyokufa? Na Wamisri wanakuja. Lazima tutoe kitu."

"Kula kwanza, mwanangu, akili ikurudie," Hogla alimjibu. Alidhani ni homa ya kidonda.

Sasa, njiani kwenda makaburini, mama mmoja alikuwa analia kwa sauti, kajifunga gunia vizuri kabisa, na kwapani kabana kisanamu cha mungu wake, alichokifukia chini ya kizingiti miaka yote ya Yosia. Bado kina udongo mbichi. Mfalme hata kaburini hajafika! Hogla alitamani kumtemea mate.

"Yosia!" aliita.

"Ole!" wakaitikia.

Walipokaribia Lango la Vigae, linaloteremkia Bonde la Hinomu, alimwona Asareli akipita pembeni ya umati. Mkono wake mzima ulimshika Tirza, bintiye wa miaka minne. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta na kuvishwa nguo nyeupe, siku ambayo mji mzima umevaa magunia. Nyuma yao wanaume wawili walibeba kuni.

Hogla alielewa. Akajaribu kupenya, umati ukambana. Hakubaki na kitu ila sauti, na sauti yake ilizoea kuita kwa namna moja tu.

"Tirza!"

Wanawake mia mbili, vichwa chini, hawakuuliza ni nani.

"Ole!"

Mtoto aligeuka, akamwona bibi yake, akampungia mkono. Asareli naye alisimama, akausikiliza mji ukimlilia binti yake, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepewa ruhusa.