Kiti cha Mwenye Kisa

Shemeji yangu, mke wa kaka, anaitwa Mwenyekiti hata na mumewe. Aliongoza kamati ya maji, akaongoza kamati ya usafi, na mwaka ule akaanzisha tamasha la filamu za haki za binadamu kwa sababu, alisema, watu wa mtaa wetu hawasomi vipeperushi. Hapo hakukosea. Vile alivyochapisha mwaka uliotangulia, muuza karanga alivifungia karanga mpaka vikaisha. Filamu, alisema Mwenyekiti, mtu ataitazama hata kama alikuja kupumzisha miguu tu.

Mimi ni fundi wa televisheni na redio, kwa hiyo projekta ilikuwa yangu. Sikuombwa, nilipangiwa. Ukishakuwa shemeji wa Mwenyekiti, unazoea kusikia habari zako kwenye mikutano.

Tamasha lilikuwa na sheria moja, na sheria yenyewe ilikuwa nzuri, sitamnyima sifa yake. Mbele ya ukumbi, kando ya pazia la filamu, aliweka kiti kimoja cha mbao. Kila filamu ikiisha, yule ambaye kisa ni chake anakaa pale na kuzungumza wa kwanza. Hakuna wa kumsemea, awe mume, bosi au wakili. Kiti kikiwa kitupu, mjadala hauanzi. Akashonesha kitambaa kirefu chenye herufi nyekundu, kikatundikwa ukutani: MWENYE KISA ASEME MWENYEWE.

Nyumbani kwake, sasa, kulikuwa na Dada. Wafanyakazi wa ndani wengi huitwa hivyo, na dada wa nani, hakuna anayeuliza. Huyu alikuja mtoto wa kwanza wa kaka akiwa kwenye nepi, na sasa alikuwa akimbeba wa tatu mgongoni. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa maneno machache. Alijua nani kwenye nyumba ile hali vitunguu na nani anadanganya kuwa amekwisha kuoga.

Vijana wa kituo cha jamii walikuwa wanatengeneza filamu fupi kuhusu wafanyakazi kama yeye. Mwigizaji wao alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye kucha ndefu za rangi, na alivyosugua sufuria, ungedhani sufuria ina umeme. Mwongozaji akakata tamaa. Mwenyekiti akajitolea jiko lake, na Dada pamoja nalo, kisha akakimbilia dukani kununua sufuria mpya ili ulimwengu usione zile zilizobonyea. Mwenye kucha akapewa nafasi ya bosi. Hiyo alikuwa amezaliwa nayo.

Nilikuwepo siku ile, nimeshika taa. Dada alitakiwa kuosha vyombo, kufuta mikono, kisha kumgeukia bosi na kusema, "Mama, naomba siku moja kwa wiki ya kupumzika." Mara ya kwanza aliyasema akiangalia sakafu. Mwongozaji aliona yanatosha. Mwenyekiti, ambaye kazi yake pale ilikuwa kutazama tu, hakuridhika.

"Dada, usiogope," alimwambia. "Sema kama kweli unaitaka."

Dada akamtazama kidogo. Akageuka, akafuta mikono upya. "Mama," alisema, "naomba siku moja kwa wiki ya kupumzika. Nimechoka."

Neno la mwisho halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Kisha watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alifuta machozi kwa upindo wa gauni.

"Kipaji hicho," alisema. "Haya Dada, tuwekee chai."

Wiki ya tamasha ilipofika, nilikuwa sebuleni kwa kaka nimefungua televisheni yao. Mwenyekiti alikuwa anakunja ratiba. Dada akatoka jikoni, akasimama mbele yake, akafuta mikono. "Mama, naomba siku moja kwa wiki ya kupumzika," alisema. Maneno ni yale yale, na sauti ni ile ile.

Mwenyekiti akainua uso, ameng'aa. "Umeiva kabisa. Ila wameshamaliza kupiga picha, mama yangu. Huna haja ya kufanya mazoezi tena."

Dada alibaki amesimama. Nilimwona anatafuta maneno mengine na hayapati, maana yaliyofaa alishayatumia. Mwishowe akasema, "Basi hata Jumamosi mchana tu, mama. Nikaione hiyo filamu. Sijawahi kujiona."

"Jumamosi hiyo hiyo wageni wa tamasha wanakula hapa, na mtoto atabaki na nani? Usijali, nitakuja kukusimulia yote."

"Sawa, mama," alisema Dada, akarudi jikoni.

Nilitoa bisibisi mdomoni. "Shemeji, yule haigizi. Anaomba."

"Shemeji na utani wako," alisema Mwenyekiti, akaendelea kukunja.

Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtani wa mtu. Siku unayosema kweli, anacheka. Na nyani haoni kundule, hata ukimletea kioo na kumshikia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, joto likawa la tanuri, na hakuna aliyetoka. Walikuwepo wageni watatu kutoka tamasha kubwa la mji mwingine, wameketi mbele na chupa zao za maji. Kaka alikaa nyuma yao, akipambana na usingizi. Nikawasha projekta.

Jiko la Mwenyekiti likatokea kwenye pazia, kubwa kuliko lilivyo, na watu wakacheka kwa kulitambua. Mtu akauliza sufuria hizo ni za lini. Kisha mikono ya Dada ikaingia, na kicheko kikapungua. Alipogeuka na kusema yale maneno mpaka lile la mwisho, nilisikia watu wakivuta pumzi. Filamu ikaishia hapo, bosi mwenye kucha hajajibu kitu.

Makofi yalikuwa marefu. Mwenyekiti akapanda mbele, anameremeta. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akaonyesha kile kiti cha mbao. "Tungependa kumsikia mwenye kisa," alisema.

"Kwa bahati mbaya hakuweza kufika," alisema Mwenyekiti, "lakini mimi namfahamu vizuri, ni kama ndugu yangu, kwa hiyo kwa niaba yake..."

"Mwenyekiti," aliita msusi wa kona, ambaye huwasuka wote wawili, yeye na Dada, na kwa hiyo anajua mambo ya nyumba ile kutoka pande mbili. Alinyoosha kidole tu, kwenye kitambaa chenye herufi nyekundu.

Mwenyekiti hakuwa na haja ya kugeuka kukisoma. "Yuko nyumbani," alisema. "Anapumzika."

Kaka yangu ni mtu mwema, na hajawahi kujua wakati wa kunyamaza. Aliinua kichwa. "Hapana, Mwenyekiti," alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtu aliyesahau. "Anapika chakula cha wageni."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Mimi niliyekuwa na maneno ya mwaka mzima ya kumtania shemeji niliona hata moja halifai. Nilimhurumia. Alitazama kiti, akatazama wageni na chupa zao. Kisha akachukua mkoba wake, akapita katikati ya watu na kutoka nje.

Tulingoja. Hakuna aliyeondoka, maana sheria ni sheria.

Aliyeingia alikuwa Dada. Alikuwa amevaa aproni, na nywele zilikuwa zimefungwa kitambaa chenye doa la nyanya. Alisimama mlangoni, watu wakampisha njia. "Mama kaninyang'anya mwiko," alisema, bado anashangaa. "Kasema niende, naitwa." Aliletwa mpaka kwenye kiti. Hakukaa.

"Fundi," aliniambia, "kabla sijakaa, inawezekana niione kwanza?"

Nikairudisha mwanzo. Mara hii watu walitazama pembeni, walimtazama yeye. Alijitazama akiosha vyombo na akafunika mdomo kwa kiganja, anacheka. Alipojisikia akisema amechoka, kiganja kilibaki pale pale lakini kicheko kiliondoka. Nilijifanya nashughulika na waya. Macho yalikuwa yananiwasha, na nisingesingizia moshi, hapakuwa na moshi.

Ndipo akakaa. Mgeni mwenye miwani akamuuliza kitu gani kilimpa taabu zaidi katika kuigiza.

Dada alifikiri. "Hakuna," alisema. "Niliambiwa niseme kama kweli naitaka. Nikasema. Wote wakapiga makofi." Alilaza mikono yake juu ya aproni. "Nikasema tena nyumbani. Nikaambiwa nimeiva."

Alitazama pazia jeupe. "Bado nasubiri jibu."

Mlangoni alikuwa amesimama Mwenyekiti. Sijui alikuwa amefika lini. Mtoto alikuwa kiunoni mwake, mwiko mkononi, na harufu ya vitunguu vilivyoungua iliingia ukumbini mbele yake. Maikrofoni ilikuwa mbali, naye hakuifuata.

"Nilidhani unafanya mazoezi," alisema.

"Najua, mama," alisema Dada.

"Jumapili," alisema Mwenyekiti, akampandisha mtoto kiunoni. "Kila Jumapili. Kuanzia kesho."

Msusi ndiye aliyeanza kupiga makofi, lakini Dada aliinua kiganja, akamnyamazisha. Makofi alikuwa ameshapigiwa ya kutosha. "Asante," alisema. "Sasa nina mengine ya kusema." Na akayasema, mwenyewe, mpaka wageni wakasahau njaa, jambo lililokuwa la heri kwa kuzingatia kilichokuwa kinawasubiri kwenye zile sufuria mpya.

Kesho yake nilikwenda kwa kaka kula, kama kila Jumapili. Nilimkuta kaka amevaa aproni, anabishana na kiazi. Nilipewa sufuria nisugue, ile ile ya kwenye filamu, chini yake nyeusi tititi, na nilipolalamika Mwenyekiti aliniambia nisugue kama kweli nataka kula.

Dada alipita mlangoni kwenye gauni la buluu ambalo sikuwahi kuliona, na mkoba begani. Alituaga. Mwenyekiti alikuwa amefungua kabati la tatu na chumvi haionekani. Akageuka, mdomo umeshafunguka kumwita. Dada alikuwa getini, anafungua komeo.

Mwenyekiti akafunga mdomo. Tulikula bila chumvi, na hata mimi sikutania.