Mlango wa Wachimbaji

Msuluhishi wa migogoro ya kazi hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Benjamini zaidi.

"Kijana, huyu mama ameajiriwa na halmashauri. Sisi hapa tunasikiliza wafanyakazi wa kampuni na wa watu binafsi. Mtumishi wa umma aliyefukuzwa na mkurugenzi wake anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Asiporidhika, anakwenda kwa Rais. Mahakama Kuu inakuja baada ya hapo. Chuoni hamkufundishwa?"

Walifundishwa. Benjamini alikumbuka hata dirisha alilokaa karibu nalo siku ile. Lakini alipotoka tu chuo alimsaidia mjomba wake Marcel, aliyeachishwa kazi na mkandarasi wa mgodi huko Geita, na shauri likaisha vizuri katika ofisi kama hii. Tangu hapo sifa za Benjamini zilitoka Katoro, mji wa wachimbaji, zikafika hadi kwao Tinde. Wachimbaji walimpigia simu wakimwita wakili, ingawa hajaapishwa, na naye hakumsahihisha mtu. Shangazi yake Bernadina alipomjia akilia, alimpitisha mlango uleule wa wachimbaji bila kujiuliza mara mbili.

"Na muda wa kukata rufaa kule?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwezi mmoja na nusu. Umekwisha kitambo. Mnaweza kuomba kuongezewa, ila mtoe sababu ya maana."

Bernadina alikuwa kwenye benchi la nje, kwani msuluhishi alimwita Benjamini peke yake kwanza. Alikuwa amevaa kitenge chake cha harusini. Miaka yote alikuwa karani wa masijala, mpaka siku kifafa kilipomwangusha kazini. Wenzake wakamtengea kikombe cha peke yake wakiogopa kuambukizwa, kisha meza yake ikahamishiwa stoo. Baadaye alipolazwa hospitali ya Kolandoto, cheti cha daktari kilifikishwa ofisini, lakini barua ya mkurugenzi ikasema ni mtoro. Wengine waliougua mwaka huohuo walirudi kwenye viti vyao.

"Mhola, wakili wangu?" alisalimia kwa Kisukuma, akisimama. "Kuna heri?"

"Imeahirishwa, shangazi."

Uongo ulimtoka kirahisi kuliko alivyodhani.

Waliposhuka Tinde, Bernadina alimvuta hadi kibandani kwa Zipora, muuza chai.

"Mama Rebeka! Umerudi na kiti chako?"

"Bado. Wakili kasema tuvute pumzi kwanza."

"Huyu? Si juzi tu, akiwa mtoto wa kuchunga, ng'ombe wake walimaliza mahindi yangu, yeye kalala?"

"Ndiye huyohuyo. Sasa mpe chai, tena ijae. Kazi yangu iko mikononi mwake."

Zipora alicheka, akamimina. Kikombe cha Bernadina kilikuwa sawa na vya wateja wengine, naye alikikumbatia kwa viganja viwili kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Benjamini aliona hivyo, akaweka kikombe chake chini.

"Shangazi, haikuahirishwa."

Akamwambia yote: mlango uliokosewa, muda uliopita, na uongo wa pale nje ya ofisi. Zipora akashughulika na moto uliokuwa unawaka vizuri.

"Ulijua?" Bernadina aliuliza.

"Nilisoma. Sikuangalia tena. Niliona aibu kukwambia sina hakika."

"Na mimi nilitaka kwenda kwa afisa wa chama cha wafanyakazi. Ukanizuia."

"Nilikuzuia."

"Ukasema hao wanachelewesha mambo."

Benjamini alitamani atukanwe, lakini shangazi yake alibaki akitazama ndani ya kikombe. Mwishowe Benjamini akatoa karatasi mkobani na kuanza kuandika maombi ya kuongezewa muda. Alipomaliza, akamsomea: "Mrufani alichelewa kwa sababu alipotoshwa kuhusu mahali pa kupeleka malalamiko yake."

"Alipotoshwa na nani?"

Benjamini akaanza kuikunja karatasi.

"Watauliza, Benjamini. Ukiacha hivyo wataona mimi ndiye mzembe, na tayari wameniita mtoro."

Benjamini akaandika jina lake kamili. Akasita, kisha akaongeza kwamba yeye si wakili, na kwamba mrufani aliamini kuwa ndiye.

"Soma tena. Kwa sauti."

Wanaume wawili waliokuwa wakinywa uji wakageuka. Zipora akaacha moto. Benjamini akasoma, mstari kwa mstari, masikio yakimwaka, na alipofika kwenye jina lake sauti ikamkatika, ikabidi aanze upya.

Bernadina akakaza kitenge chake.

"Asubuhi tunakwenda kwa afisa wa chama. Utamsomea hivyohivyo, mbele yangu. Wale wa Tume wakikubali, nitashukuru. Wakikataa, utakuja nyumbani umweleze Rebeka kwa nini mama yake hana kazi."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa kunywa chai. Inapoa."