Maduara Mawili ya Madamu Anastasie

Watoto wa darasa la tano walikuwa bado wanaimba uani wakati Madamu Anastasie alipokwangua ncha ya muhogo mkavu na kuijaribu ubaoni. Chaki za kweli zilikuwa zimeadimika mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu vita hii ya pili ya Kongo ianze, na muhogo uliokauka vizuri juani huandika, ingawa huacha vumbi linalonukia unga. Ubao wenyewe ulikuwa umepakwa makaa ya betri kuukuu, na kila mvua iliyopenya kwenye tundu la bati iliuosha kidogo. Vitabu havikuwapo. Askari waliolala shuleni mwaka uliopita walivitumia kama kuni, pamoja na madawati, na sasa watoto walikaa kwenye benchi za udongo.

Ndiyo maana alianza kuchora. Mwalimu asiye na kitabu na mwenye kipande cha muhogo hawezi kuandika somo zima. Kwa sayansi alichora duara, akaandika MAJI katikati, mishale ikatoka kwenda kwenye mvua, mto, ziwa na mvuke, na watoto wakajaza yaliyobaki. Kwa Kifaransa alichora mti, kitendo kwenye shina na nyakati zake kwenye matawi. Kwa historia akapanga masanduku, hili likizaa lile. Watoto walioshindwa kukariri mistari minne wakaanza kueleza mambo kwa kidole, wakifuata mishale, na wakaelewa. Anastasie alijisifu kimoyomoyo, na kwa nini asijisifu? Mshahara hakuupata, wa serikali wala wa waasi. Watoto wanaoelewa ndio aliokuwa nao.

Asubuhi hiyo mkuu wa shule, Norbert, aliingia akiwa ameinama kidogo, na nyuma yake Bwana Darius, mkaguzi aliyewekwa na waasi walioshika mji. Darius alikuwa mtu wa hapahapa, mwenye viatu vilivyong'arishwa kwa kiwi katika mji ambao nusu ya watu walikuwa wameukimbia kwa ndala. Akapewa kiti pekee chenye mgongo.

"Endelea tu, Madamu. Mi niko naangalia."

Angeweza kufundisha vipimo vya uzito, siku ikapita salama. Lakini alitaka kuonwa. Alitaka mtu mwenye cheo, walau mmoja, aone anachokifanya kwa muhogo na ukuta. Akachora maduara mawili makubwa, moja limeingia kidogo ndani ya jingine. Juu ya la kwanza akaandika WATU WA ZIWA, juu ya la pili WATU WA MILIMANI.

"Bintu gani iko ya ziwa peke yake?"

"Ndagala!" "Mitumbwi!" "Mawese, Madamu!"

Duara la pili likajaa nalo: ng'ombe, maziwa, viazi, baridi.

"Na hapa mu katikati? Bintu bya bote?"

Sauti zikapungua. Jamila, wa benchi ya mbele, akasema chumvi, maana watu wa milimani walikuwa wakishuka mpaka soko la Lweba kuinunua. Mwingine akasema kanisa. Kisha mtoto wa nyuma akasema, "Kukimbia." Hakuna aliyecheka. Anastasie akaandika kukimbia.

Hapo Fanny akanyoosha mkono. Alikaa na Jamila, na alikuwa mtoto ambaye ungeweza kumfundisha muhula mzima usiisikie sauti yake. Kwa furaha Anastasie akampa muhogo mkononi. Fanny akasimama mbele ya ubao, akatafuta nafasi, akaandika jina lake pale katikati, chini ya kukimbia.

Darasa zima lilijua. Mama yake, Georgette, aliuza samaki ufukweni. Baba yake alikuwa mfugaji wa upande wa Minembwe, huko milimani, aliyekuwa akishuka na maziwa mpaka akaoa hapa chini. Vita ilipowafanya watu wa ziwa na wa milimani kuwa maadui, alirudi juu, na tangu siku hiyo Georgette alisema mumewe alikuwa mchuuzi aliyefia Uvira. Mtaa mzima ulikuwa umekubali kumwamini.

Darius akainuka kitini. "Huyu mutoto ni wa nani?"

Watoto wakainamisha vichwa.

"Madamu, minauliza."

"Ni wa darasa yangu, Bwana Enspekta."

Darius akamwita mwalimu nje, chini ya upenu, Norbert akafuata. Hakupaza sauti. Angepaza, pengine Anastasie angepata nguvu ya kumchukia.

"Madamu, mi si muntu mubaya. Muchana kuko hawa askari ba mu kambi. Usiku kuko bale ba mu pori. Bote bako na masikio. Hawa batasema unahesabia adui bantu yao. Bale batasema unachanganya bantu. We unatafuta nini?"

"Nafundisha ile iko."

"Ile iko, haiko ya kuandika." Akafuta jasho shingoni. "Utachora bitengane. Kesho nitapita kuangalia. Nikikuta bimeshikana, ya tano tunafunga. Batoto bote banarudi kwabo."

"Madamu, tafazali," Norbert akasema, akitazama chini.

Anastasie akarudi ndani na kufuta kwa kiganja chake. Alianza na chumvi, akamalizia na jina. Alijiambia anamlinda mtoto, na ilikuwa kweli, na ukweli huo haukumpunguzia aibu hata chembe. Fanny alikuwa akimtazama.

Habari ilifika ufukweni kabla ya kengele ya mchana. Georgette alikuja na magamba ya samaki bado mikononi, furushi kichwani.

"Ni we ulimuita ku tablo?"

"Ni mi, Mama Fanny."

"Ulimuuliza nini?"

"Niliuliza bantu ba ziwa na ba ku milima bako na nini pamoja."

Georgette akamtazama kana kwamba anataka kucheka. "Myaka mbili mi namufundisha kunyamaza. We umemufungua kinywa kwa somo moja."

"Mumuache, mama. Tutamuchunga hapa."

"Nani atamuchunga? Ule mukono wenye ulimufuta?"

Anastasie aliuficha mkono nyuma ya kikwembe alichojifunga, ukiwa bado mweupe kwa vumbi la muhogo. Georgette akasema kuna boti ya kuvuka kwenda Kigoma jioni, na kule kwenye kambi ya wakimbizi, kama kuna shule, Fanny ataulizwa kadi, hataulizwa baba. Fanny akarudisha kibao chake cha kuandikia, mali ya shule, akakifuta kwanza kwa mkono wa gauni kama alivyofundishwa. Akasema, "Asante, Madamu." Anastasie alitamani sana asingeambiwa neno hilo.

Kesho yake akachora upya. Duara moja huku, duara jingine kule, kati yake nafasi ya kiganja kizima. Darius alifika mapema, akasimama mlangoni.

"Sasa ni bizuri," akasema. "Unaona? Hata macho inapumzika."

Norbert, aliyekuja naye, akashusha pumzi. Wakabaki barazani wakizungumzia bati la paa.

"Andikeni," Anastasie akawaambia watoto, na akaanza kupita kati ya benchi akisikia muhogo ukikwaruza vibao. Kwa Jamila, aliyekaa peke yake, akasimama. Maduara ya Jamila yalikuwa yameingiliana, na katikati patupu, hapakuandikwa kitu. Akadhani mtoto amekosea. Akatazama benchi ya jirani, yameingiliana. Wavulana wa nyuma, yameingiliana. Kama walikuwa wameagana njiani au kila mmoja alijiamulia, hakuwauliza.

"Jamila," akasema kwa sauti ya chini. "Angalia tablo. Iko vile?"

"Hapana, Madamu."

"Sasa?"

"Tablo ni ya Enspekta."

Viatu vya Darius vilisikika vikigeuka barazani, vikakaribia mlango, vikasimama. Anastasie akakichukua kile kibao, akaweka pembeni alama ya vema, kubwa, kama anavyoweka kwenye jibu lililo sahihi, akamrudishia mtoto. Halafu akahamia kibao kilichofuata.