Hakusema Hivyo

Fomu ya Ugbad ilirudi imeandikwa neno moja la Kiingereza kwa wino mwekundu: FALSE. Ilikuwa mwaka 1990, Wasomali wa Kenya walipopangishwa foleni kuthibitisha kwamba ni Wakenya.

Alimpelekea Alio, mtoto wa baba yake mdogo, mkalimani wa kamati ya uhakiki pale Habaswein.

"Jambo dogo, walaal, dada yangu," Alio alisema bila kuinua macho. "Karatasi hazijatimia. Nenda kakae Diff, kule mpakani, kwa wajomba, nitafuatilia."

"Na duka la marehemu baba nimwachie nani?"

"Mimi nipo."

Jibu hilo lilimkaa vibaya. Akaenda shuleni kwa Mwalimu Jarso, naye akamfungulia kamusi.

"Lina maana mbili," mwalimu alisema. "Uongo. Na tena, mtu anayewageuka watu wake."

"Hapa wanasemaje?"

"Wanasema umeongopa." Akasoma maandishi madogo ya chini. "Alio ametoa ushahidi kwamba ulizaliwa ng'ambo ya mpaka."

Asubuhi yake Ugbad alimshika mkono Ebla, mkunga mzee aliyempokea duniani papo hapo Habaswein, akampitisha mbele ya foleni nzima hadi mezani kwa ofisa. Jarso aliwafuata.

Ebla alieleza kwa Kisomali: mwaka wa ukame, nyumba ya karibu na kisima, mtoto aliyetanguliza miguu. Ofisa akamgeukia Alio.

"Anasema umri umekwenda," Alio akatafsiri. "Hakumbuki."

"Hakusema hivyo," Ugbad alisema kwa Kiswahili.

"Dada, nyamaza."

"Sinyamazi. Wewe umenigeuka mbele ya watu wanaokusikia."

Nyuma yake mwanamume mmoja kwenye foleni akasema, "Hakusema hivyo." Kisha mwingine. Kisha mstari wote, hata waliokuwa wakimwogopa Alio kwa sababu fomu zao zilikuwa mkononi mwake.

Ofisa aliweka kalamu chini, akamwita Jarso atafsiri upya. Alio akaambiwa angoje nje, kwenye jua, pamoja na watu wa foleni.

Kadi ya uraia ya Ugbad ilitoka baada ya wiki tano. Alio akatuma wazee na mbuzi wa suluhu. Ugbad aliwakaribisha wazee kwa heshima, akawamiminia chai ya maziwa, akawasikiliza mpaka wakamaliza.

"Chai kunyweni, adeer, baba zangu," akasema. "Mbuzi mrudi naye."